Kuchagua Teknolojia ya Wavuti kwa Michezo ya Elimu: Mwongozo Kamili

Anayetaka kutengeneza mchezo wa elimu mara nyingi huanza na swali la injini, yaani programu ya kujengea na kuendeshea mchezo: Unity au Godot, Phaser au Construct? Swali hilo lina mahali pake, ila ni karibu na mwisho wa safari. Ukianza nalo, utajikuta unaubana mchezo ufanane na chombo ulichokwisha kukipenda, na atakayeumia ni mwanafunzi. Atasubiri upakiaji usiokwisha, atabonyeza vitufe vidogo kuliko kidole chake, au kivinjari kitaufunga ukurasa akiwa katikati ya swali la tatu.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: chagua teknolojia nyepesi kuliko zote zinazoweza kukibeba kitendo cha kujifunza, na uhakikishe maudhui yako yanaweza kuhama siku teknolojia hiyo itakapokufa. Maana teknolojia hufa. Julai 2017 Adobe ilitangaza kwamba itaizika Flash. Desemba 31, 2020 huduma ikakoma, na kuanzia Januari 12, 2021 kichezaji chenyewe kikawa kinakataa kuendesha chochote. Michezo ya hesabu, ramani na maabara iliyokuwa ikitumika madarasani kwa miaka mingi ikawa mistatili ya kijivu. Baadhi imefufuliwa kwa Ruffle, programu huria inayoiga Flash ndani ya kivinjari, lakini mingi imepotea na kazi ya walioitengeneza.

Hatua ya 1: Andika kitendo cha kujifunza kwa sentensi moja

Kabla hujafungua kihariri chochote, andika sentensi moja inayoeleza mwanafunzi atafanya nini kwa mkono wake na kwa akili yake. "Mchezo wa sehemu za namba" ni mada tu. "Mwanafunzi anakata mstatili katika vipande vilivyo sawa, kisha anavivuta kwenye mizani hadi pande mbili zilingane" ni kitendo, na kitendo ndicho kinachokuambia unahitaji chombo gani.

Sasa tazama vitenzi vyako. Kuchagua, kuoanisha, kupanga kwa mfuatano, kuandika, kusikiliza na kujibu: vyote hivi vinabebwa na ukurasa wa kawaida wa wavuti. Kurusha, kuendesha, kugongana, kuchora kwa mkono: hivi vinataka uwanja wa picha unaochorwa upya mara nyingi kwa sekunde. Kuzungusha umbo, kuingia ndani yake, kulitazama kwa upande wa nyuma: hapo tu ndipo pande tatu zinapopata sababu ya kuwepo. Moyo wa binadamu unaozungushwa unafundisha kitu ambacho mchoro bapa hauwezi. Chemshabongo ya msamiati iliyowekwa ndani ya jumba la pande tatu haifundishi zaidi ya ile iliyo kwenye kadi sita.

Hapa pia ndipo pa kuukagua mchezo wenyewe. Ikiwa mchezaji anaruka vikwazo na kila baada ya muda swali la hesabu linajitokeza kumzuia, basi anachokifurahia ni kuruka, na somo ni kero inayomkatiza. Kasoro hiyo haiponywi na injini yoyote. Rudi kwenye sentensi uiandike upya mpaka kucheza na kujifunza viwe tendo moja.

Hatua ya 2: Kijue kifaa dhaifu kuliko vyote

Tafuta kifaa kibovu zaidi ambacho mwanafunzi wako halisi atakitumia, kisha kifanye hicho ndicho kipimo chako. Kompyuta ya mtengenezaji ni shahidi mwongo, kwa sababu karibu kila mchezo unakimbia vizuri juu yake. Uliza mambo haya na uyaandike: skrini ina ukubwa gani, kuna kibodi au ni kidole tu, kivinjari ni kipi na cha toleo gani, kumbukumbu ya kifaa ni kiasi gani, kifaa ni cha mtu mmoja au kinapokezanwa na darasa zima.

Kisha fanya hesabu ya mtandao. Mchezo wa megabaiti 20 kwenye mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde unapakuliwa kwa sekunde 80 (baiti moja ni biti 8), ikiwa hakuna mwingine anayeutumia mtandao huo. Wanafunzi 30 wanaogawana megabiti 10 kwa sekunde, wote wakifungua mchezo huo kwa pamoja, wanahitaji dakika 8. Ukiupunguza hadi megabaiti 2, darasa zima linaanza kucheza ndani ya sekunde 48. Kipindi cha dakika 40 hakina dakika 8 za kutazama mstari wa upakiaji, na mwalimu aliyeumbuka mara moja mbele ya darasa harudii.

Kuna uzito mwingine usioonekana kwenye ukubwa wa faili. Picha ya pikseli 2048 kwa 2048 inaweza kuwa na kilobaiti 200 ikiwa imebanwa vizuri, lakini ikishafunguliwa ili ichorwe kwenye skrini inachukua takriban megabaiti 16 za kumbukumbu, kwa kuwa kila pikseli inahitaji baiti 4. Picha kumi za namna hiyo zinafika megabaiti 160. Simu yenye kumbukumbu ndogo haitatoa onyo: kivinjari kitapakia ukurasa upya na mwanafunzi atarudi mwanzo.

Sauti, kinyume na wengi wanavyodhani, ni rahisi kuibeba. Sentensi fupi 40 zilizorekodiwa, kila moja ya sekunde 3, kwa kilobiti 64 kwa sekunde zinakaribia megabaiti moja tu. Kwa mtoto ambaye bado hajajua kusoma, hiyo ni megabaiti yenye thamani kuliko picha zote za usuli.

Jiwekee kikomo kabla ya kuendelea. Kwa mchezo wa darasani unaofunguliwa kwa simu, mimi napendekeza skrini ya kwanza iweze kuchezwa ikiwa imepakua chini ya megabaiti 1, na mchezo mzima usipite megabaiti 5. Unaweza kuchagua kikomo tofauti, mradi kiandikwe sasa, kabla hujaona injini yenye picha za kuvutia.

Hatua ya 3: Elewa kivinjari kinachora vipi

Majina ya zana ni mengi, lakini chini yake kuna njia nne tu za kuweka mchezo kwenye skrini. Ukizielewa hizi, matangazo ya zana hayatakuyumbisha.

Njia ya kwanza ni elementi za kawaida za HTML, lugha ya kurasa za wavuti, zikipambwa kwa CSS (mitindo) na kuendeshwa kwa JavaScript (msimbo), pamoja na SVG kwa michoro. Hii ndiyo njia inayodharauliwa kuliko zote, na kwa elimu ndiyo yenye faida nyingi kuliko zote. Maandishi yanatoka safi kwa hati yoyote, iwe ya Kilatini, ya Kiarabu inayoandikwa kulia kwenda kushoto, au ya Kihindi yenye herufi zinazoungana. Kivinjari kinajua kitufe ni kitufe, hivyo kibodi na kisoma skrini vinafanya kazi bila wewe kuhangaika. Ukurasa unajipanga upya wenyewe skrini inapogeuzwa. Mtafsiri wa kivinjari anaweza kuusoma. Kadi za kuoanisha, kupanga maneno, mafumbo ya mantiki, mistari ya wakati, ramani za kugusa na chemshabongo za kila aina zote zinakaa hapa bila taabu. Angalizo moja: usitegemee mfumo wa zamani wa HTML wa kuburuta na kudondosha, kwa sababu ulibuniwa kwa ajili ya kipanya na kwenye skrini za kugusa haueleweki. Tumia Pointer Events, zinazoshughulikia kidole, kalamu na kipanya kwa msimbo mmoja.

Njia ya pili ni kanvasi, yaani uwanja mmoja wa pikseli unaouchora kwa amri. Inafaa pale vitu vingi vinaposogea kwa wakati mmoja. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, una milisekunde 16.7 za kukokotoa na kuchora kila fremu. Gharama yake ni kwamba kivinjari hakijui kilichomo ndani: kwa kisoma skrini, kanvasi ni kisanduku kitupu, na maandishi yote unayapanga kwa mkono.

Njia ya tatu ni WebGL, inayokabidhi uchoraji kwa kichakata picha cha kifaa. Toleo lake la kwanza lilikamilika mwaka 2011, na leo liko karibu kwenye kila kivinjari. WebGPU, mrithi wake, iliingia kwenye Chrome mwaka 2023, lakini kwa darasa lenye vifaa vya umri mbalimbali bado ni mapema kuitegemea peke yake.

Njia ya nne ni WebAssembly, msimbo uliokwisha kuandaliwa kwa ajili ya mashine, unaochora kupitia kanvasi au WebGL. Vivinjari vikuu vilianza kuipokea mwaka 2017, na ndiyo inayowezesha injini zilizoandikwa kwa C++, lugha ya programu, kukimbia ndani ya ukurasa. Nguvu inakuja pamoja na uzito: injini nzima inapakuliwa kabla mwanafunzi hajaona chochote.

Hatua ya 4: Pitia familia za zana

Sasa majina yanaruhusiwa. Yapitie ukiwa umeishika sentensi yako ya hatua ya kwanza na kikomo chako cha hatua ya pili.

Zana za walimu wasioandika msimbo. H5P ni mradi huria uliotoka Norway, wenye maumbo yaliyo tayari: video yenye maswali, kuburuta maneno, kadi za kumbukumbu, njia zenye matawi. Inaingia moja kwa moja kwenye Moodle (mfumo wa kusimamia mafunzo) na WordPress (mfumo wa kutengeneza tovuti), na inatuma matokeo ya mwanafunzi bila kazi ya ziada. Ikiwa kitendo chako kinafanana na moja ya maumbo yake, acha kutafuta. Kasoro yake ni kwamba ukitaka umbo lisilokuwepo, utaingia kwenye kazi ya kuandika moduli mpya, na hapo urahisi unakwisha. Twine, iliyoanza mwaka 2009, inafaa hadithi za kuchagua njia: maadili, historia, mazungumzo ya lugha, uamuzi wa kitabibu. Inatoa faili moja ya HTML unayoweza kuihifadhi kwenye kijiti cha USB na ikafunguka bila seva.

Scratch inahitaji maelezo ya pekee kwa sababu watu huichanganya. Ilizaliwa kwenye chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2007 ili watoto wajifunze kutengeneza, na kwa kazi hiyo ni chaguo bora sana: mwanafunzi anayejenga mchezo wa mzunguko wa maji anajifunza mzunguko wa maji na upangaji wa fikra kwa pamoja. Kama chombo cha kuwatengenezea wanafunzi mchezo, ina mipaka ya kweli: jukwaa lake ni la pikseli 480 kwa 360, na haina njia ya kawaida ya kupeleka alama kwenye mfumo wa shule. TurboWarp inaweza kuugeuza mradi wa Scratch kuwa faili ya HTML inayojitegemea na yenye kasi zaidi, na hilo linatosha kwa michezo midogo mingi.

Vihariri vya kujenga kwa matukio. GDevelop na Construct 3 vinakuwezesha kupanga mantiki kwa mtindo wa "hili likitokea, fanya lile". GDevelop ni huria na chini yake inatumia PixiJS, maktaba ya kuchora iliyokomaa. Construct 3 inakimbia ndani ya kivinjari na hulipiwa kwa usajili. Zote mbili zinafaa kikundi chenye mwalimu mbunifu na msanii lakini kisicho na mwandika msimbo. Jiulize tu ni nani atakayeweza kufungua mradi huo baada ya usajili kuisha.

Maktaba za msimbo za pande mbili. Phaser ndiyo inayotajwa kwanza, na inastahili. Ilianza mwaka 2013, leseni yake ni ya MIT (inayoruhusu kutumia na kubadilisha bure), na inakuja na mwendo, migongano, sauti na upakiaji wa faili. Ukubwa wake ni takriban megabaiti moja kabla ya kubanwa, na theluthi ya hapo ikishabanwa na seva. Mchezo wa fizikia ya kurusha, wa mistari ya namba inayotambaa, au wa kujenga mfumo wa ikolojia unakaa hapa vizuri. PixiJS peke yake inachora tu, mengine unajitengenezea. Inafaa ikiwa unajua hasa unachotaka.

Maktaba za pande tatu. Three.js, Babylon.js na PlayCanvas zote ni huria na zimekomaa. Three.js ni maktaba ya kuchora. Babylon.js, iliyoanzia Microsoft, ina sehemu nyingi zaidi za mchezo zikiwa tayari. PlayCanvas ina kihariri cha mtandaoni ambacho watu kadhaa wanaweza kukifanyia kazi pamoja. Kwa molekuli, anatomia, jiometri na sayari, anza na mojawapo ya hizi kabla ya kufikiria injini kubwa.

Injini kubwa. Godot ina leseni ya MIT, jamii yenye moyo, na kihariri kizuri ajabu. Kwa wavuti, hata hivyo, ina mambo matatu ya kukagua. La kwanza ni uzito: faili ya injini yenyewe inafikia makumi ya megabaiti kabla ya kubanwa. La pili, Godot 4 ilitoka mwaka 2023 bila uwezo wa kupeleka wavuti miradi ya lugha ya C#, hivyo anayeilenga wavuti huandika GDScript, lugha ya Godot yenyewe. La tatu ndilo linalowakwamisha wengi: matoleo ya 4.0 hadi 4.2 yalidai seva itume vichwa maalumu vya usalama (maelekezo yanayotumwa pamoja na faili), jambo gumu sana kulipata mchezo ukiwa ndani ya mfumo wa mafunzo wa shule. Toleo la 4.3 la mwaka 2024 lilileta njia ya kusafirisha bila sharti hilo, kwa hiyo usianze na toleo la nyuma yake.

Unity ina nyenzo nyingi kuliko zote na mafunzo yasiyohesabika, lakini kwa wavuti ni nzito, na kwa muda mrefu vivinjari vya simu havikuwa kwenye orodha yake rasmi. Msaada huo ulikuja na Unity 6 mwaka 2024. Ichague ikiwa mchezo wako ni maabara halisi ya pande tatu, wanafunzi wana kompyuta nzuri, na mchezo huohuo utatoka pia kama programu ya kusakinisha.

Hatua ya 5: Kagua leseni, umri na mlango wa kutokea

Septemba 2023 Unity ilitangaza ada mpya ya kutoza kila mchezo unaposakinishwa. Kelele za watengenezaji zikawa kubwa, na Septemba 2024 kampuni ikaifuta. Katikati ya hapo, vikundi vingi vilitumia miezi kuhamisha miradi. Somo la hapo halihusu kampuni moja. Linahusu kusoma masharti kabla, hasa ikiwa mchezo wako ni wa bure na mapato yako ni ruzuku iliyokwisha kupangiwa matumizi.

Tazama pia mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Maigizo yake ya sayansi, yaani majaribio yanayochezwa kwenye kompyuta, yaliandikwa awali kwa Java na Flash, na timu ikalazimika kuyaandika upya kwa HTML5 moja baada ya jingine, kazi ya miaka mingi. Waliweza kwa sababu walikuwa na watu na nia. Wewe unaweza usiwe navyo, kwa hiyo jenga mlango wa kutokea tangu siku ya kwanza.

Mlango huo ni huu: yatenge maudhui na injini. Maswali, majibu, maelezo ya makosa, majina ya faili za sauti na viwango vya ugumu vikae kwenye faili za JSON (maandishi ya data yaliyopangwa) au jedwali la kawaida, nje kabisa ya msimbo wa mchezo. Faida inaonekana hata kabla ya msiba wowote. Mwalimu anaweza kurekebisha swali bila kumwita mwandika msimbo, na mtafsiri anaweza kuleta lugha nyingine kwa kujaza faili moja. Siku injini inapokufa, unaandika upya ganda tu. Zana yoyote inayokulazimisha kuandika kila swali ndani ya kihariri chake, bila njia ya kulitoa, iondolee alama nyingi.

Hatua ya 6: Jua mchezo utaishi wapi na utahifadhi nini

Ikiwa utawekwa ndani ya mfumo wa kusimamia mafunzo, uliza mapema unapokea viwango gani. SCORM 1.2, kiwango cha mchezo kuwasiliana na mfumo huo, ni ya mwaka 2001 na bado imeenea kila mahali. Inabeba alama na hali ya kumaliza, lakini sehemu yake ya kuhifadhi maendeleo ina herufi 4096 tu, kwa hiyo usitarajie kuhifadhi mchoro wa mwanafunzi humo. xAPI, kiwango kingine, inarekodi matukio yoyote unayotaka, mathalani "alijaribu mara tatu kisha akaomba kidokezo", ila inahitaji hazina ya kupokelea rekodi hizo. H5P inatoa xAPI yenyewe. Kwa Phaser au Three.js utaongeza maktaba ndogo. Kwa Unity na Godot utaandika daraja kati ya injini na JavaScript ya ukurasa.

Jaribu mchezo ndani ya iframe, yaani dirisha la ukurasa mmoja ndani ya mwingine, mapema. Mifumo ya mafunzo huweka michezo humo, na humo ndimo hitilafu nyingi hujificha: skrini nzima inakataa, hifadhi inazuiwa, kibodi inasogeza ukurasa wa nje badala ya mchezaji. Sauti pia: vivinjari havichezi sauti mpaka mtu aguse kitu kwanza, kwa hiyo weka kitufe kikubwa cha "Anza" na uiamshe sauti hapo.

Kwa mahali ambapo mtandao hukatika, service worker, msimbo unaobaki ndani ya kivinjari, inauhifadhi mchezo kwenye kifaa ili ufunguke tena bila mtandao. Inataka tovuti yenye HTTPS, na inafanya kazi vizuri kadiri mchezo unavyokuwa mdogo. Ila kuwa mwangalifu na maendeleo yaliyohifadhiwa ndani ya kivinjari. Tangu mwaka 2020 Safari hufuta hifadhi za aina hiyo ikiwa mtu ametumia kivinjari kwa siku 7 bila kuigusa tovuti yako, isipokuwa ameiweka kwenye skrini ya mwanzo. Likizo moja inatosha kufuta kazi ya muhula. Weka njia ya kupeleka maendeleo kwenye seva, au mpe mwanafunzi msimbo mfupi wa kuendelea alipoishia.

Na kusanya data kidogo iwezekanavyo. Marekani ina COPPA, sheria ya faragha kwa watoto walio chini ya miaka 13, Umoja wa Ulaya una GDPR, sheria ya kulinda data, na nchi nyingi nyingine zina sheria zake. Mchezo usiohitaji jina, barua pepe wala tarehe ya kuzaliwa unaepuka mengi ya hayo, na unamheshimu mtoto. Kagua pia kama zana uliyoichagua inatuma takwimu kwa kampuni yake bila wewe kujua. Baadhi hufanya hivyo mpaka uzime.

Hatua ya 7: Wajumuishe wote kabla ya kujenga

Jambo hili halisubiri mwisho, kwa kuwa ndilo linaloweza kukufungia familia nzima ya zana. WCAG 2.2, miongozo ya Oktoba 2023 ya kurasa za wavuti zinazotumika na wenye ulemavu, inataka maandishi yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, na sehemu za kugusa zisiwe chini ya pikseli 24 kwa 24. Kwa vidole vya watoto, fanya 44 au zaidi. Usitegemee rangi pekee kuonyesha jibu sahihi: anayechanganya nyekundu na kijani ataona vitufe viwili vinavyofanana. Ruhusu kuzima saa inayohesabu. Mwanafunzi anayesoma polepole hana upungufu wa maarifa, na saa inapima kitu kingine kabisa.

Ikiwa katika darasa lako kuna asiyeona, elementi za HTML ndizo zinazokupa njia fupi. Kwa kanvasi itabidi ujenge tabaka la pili la vitufe na maelezo yanayosomeka. PhET wanafanya hivyo kwa maigizo yao, na kazi yake ni kubwa.

Hatua ya 8: Jaribu kipande kigumu kwenye zana mbili

Baada ya hatua saba zitakuwa zimebaki zana mbili au tatu. Usizilinganishe kwa kusoma maoni ya watu. Chukua kipande kigumu kuliko vyote cha mchezo wako na ukijenge kwenye zana mbili, kila moja kwa siku zisizozidi tano. Usijenge menyu wala skrini ya kukaribisha. Kama ugumu uko kwenye kuburuta vipande juu ya mizani, jenga mizani. Kama uko kwenye kutuma alama, jenga skrini nyeupe yenye kitufe kimoja kinachotuma alama.

Kisha viweke kwenye seva halisi, uvifungue kwenye kile kifaa dhaifu cha hatua ya pili, na upime: sekunde tangu kugusa kiungo hadi kucheza, ukubwa wa vilivyopakuliwa, mwendo wa fremu baada ya dakika kumi, joto la kifaa. Zana za wasanidi zilizomo ndani ya Chrome na Firefox zinaonyesha haya, isipokuwa joto unalolihisi kwa mkono, na zinaweza kuiga mtandao wa polepole. Mwisho, wape wanafunzi watano wa umri unaoulenga, kaa kimya, na utazame mikono yao. Pale wanapogusa bila kitu kutokea ndipo penye kasoro.

Hatua ya 9: Amua kwa kuchuja

Majedwali ya alama yana hila: zana nzito inayoshindwa kufunguka inaweza kushinda kwa sababu imepata alama nyingi za picha. Chuja badala ya kujumlisha. Zana iliyovuka kikomo cha ukubwa, iliyokosa leseni inayokufaa, au isiyoweza kuingia unapohitaji, inaondoka hata kama ni nzuri kiasi gani.

Tuchukue mfano. Mtoto anasikia neno, kisha anavuta herufi na kulijenga. Maneno ni 300, vifaa ni vishikwambi vya zamani, mtandao haueleweki, na mwalimu anataka kuona kwenye Moodle maneno gani yanawashinda watoto. Unity na Godot zinatoka kwa uzito. Twine inatoka kwa kitendo. H5P inakaribia, lakini ukitaka kila herufi itamke sauti yake inapoguswa na kosa lipate maelezo yake, maumbo yake yaliyo tayari hayatoshi. Phaser inaweza, ila hakuna kinachosogea hapa isipokuwa herufi moja chini ya kidole. Linalobaki ni HTML, Pointer Events, faili ya JSON yenye maneno 300, sauti zinazopakuliwa kwa mafungu ya maneno 20, service worker, na matokeo kwa xAPI, baada ya kuthibitisha kwamba Moodle ya shule imewekewa programu-jalizi ya kuyapokea. Sasa badilisha kitendo: mwanafunzi anapanga pembe na kasi ya kurusha mpira, kisha analinganisha njia yake na ile aliyoikisia. Uchujaji uleule unakupeleka Phaser, na HTML inabaki kwa maandishi na vitufe vilivyo nje ya kanvasi. Kuchanganya njia mbili hivyo kunaruhusiwa, na kwa michezo ya elimu ndiyo mpangilio ninaoupenda kuliko yote.

Ukishaamua, andika ukurasa mmoja na uuweke pamoja na msimbo: sentensi ya kitendo, kifaa cha kipimo, kikomo cha ukubwa, zana iliyochaguliwa na toleo lake, zilizokataliwa na sababu, vipimo vya jaribio, na masharti yatakayowalazimu kuufungua upya uamuzi huu, kama vile leseni kubadilika au kivinjari cha shule kuacha kupokea masasisho. Atakayeurithi mradi baada yako aanzie kwenye ukurasa huo.